Vumbi Lisilopeperuka

Mtaa mzima ulimwita Mama Vipimo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa na duka la nafaka, chumba kimoja kinachotazama barabara, magunia yamesimama ukutani yakiwa wazi midomo, mizani ya dijitali juu ya meza, na makopo ya kupimia yakining'inia kwenye misumari. Wako wauzaji wanaogonga vitako vya makopo kwa nyundo mpaka vibonyee ndani, mteja aone kopo limejaa kumbe amepunjwa konzi nzima. Makopo ya Mama Vipimo yalikuwa na vitako vilivyonyooka. Akishajaza, akishapitisha kiganja juu kusawazisha, huongeza punje chache za mkono wa ukarimu. Mtoto akitumwa kwake hakuna mama aliyehangaika kupima tena nyumbani.

Nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili, na nyuma ya vyumba ua. Huo ulikuwa ufalme wa mumewe, Fundi Betri. Alikusanya betri za magari zilizokufa, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali mtaroni, akachomoa vile vibao vya kijivu vya ndani na kuviyeyusha kwenye karai juu ya makaa. Uji wa madini ukishaiva aliumimina kwenye kalibu, akapata vichwa vipya vya betri, vile vinavyobana nyaya. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Jioni alifagia majivu na kuyarundika kwenye kona. Upande wa pili wa ua huohuo, hatua kumi kutoka kwenye moto, mkewe alitandaza turubai na kuanika maharage na mahindi yaliyopata unyevu. Hakuna aliyeona kasoro. Ua ni mmoja, jua ni moja, na wenye nyumba ni mke na mume.

Walikuwa na watoto wawili: binti wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa darasa la saba, na kitinda mimba wa miaka mitatu ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Katikati yao kulikuwa na mimba mbili zilizotoka. Hizo hazikuzungumzwa.

Kitinda alianza kusema mapema. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa anaita mama, dada, maji, paka, tena akigombana na paka mwenyewe. Halafu maneno yakaanza kumpotea, moja leo, jingine wiki ijayo, kama wageni wanaoaga mmojammoja bila kelele. Tumbo likamsumbua. Alikuwa akijikunja sakafuni, hataki chakula, rangi imempauka. Walimpa dawa ya minyoo mara tatu. Muuza dawa wa kona akawapa dawa ya maji ya tumbo pamoja na bomba dogo la sindano lisilo na sindano, la mililita tano, la kumnyweshea.

"Watoto wa kiume huchelewa," majirani walisema. "Ngoja afungue mdomo, mtatamani aufunge."

Mama Vipimo alicheka nao, kwa kuwa kucheka ni rahisi kuliko kujibu.

Jumamosi moja asubuhi binti alikuja dukani na daftari kwapani.

"Mama, naomba mizani yako kidogo. Mwalimu ametupa kazi ya nyumbani. Tuchague vitu vitano, tutafute tungamo yake, ujazo wake, halafu densiti."

"Huyo Densiti ndiye nani?"

Binti akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Si mtu, mama. Tungamo ni kitu kina uzani gani kwenye mizani. Ujazo ni nafasi kinayochukua. Ukigawa tungamo kwa ujazo unapata densiti. Yaani kitu kimeshindiliwa kiasi gani ndani ya nafasi yake."

Mama Vipimo akanyanyuka. Akachukua kopo, akalijaza maharage, akaliweka kwenye mizani. Akayamwaga, akajaza kopo lilelile unga wa mahindi, akapima tena. Namba zikapishana kwa mbali.

"Kopo limebadilika?"

"Hapana. Ujazo ni uleule. Tungamo ndiyo tofauti."

"Basi densiti hiyo naijua tangu sijaolewa. Kumbe mnaamka alfajiri, mnavaa viatu vyeusi, mnaenda mbali kote huko kusomea duka langu."

Alifurahi siku ile. Shule aliiacha darasa la nne, na si mara nyingi binti yake alileta daftari lenye kitu anachokijua. Akafunga nusu ya mlango wa duka, wakakaa sakafuni. Mwalimu alikuwa amewafundisha namna ya kupata ujazo wa kitu kisicho na umbo la kupimika kwa rula: jaza glasi maji mpaka ukingoni, iweke ndani ya bakuli, zamisha kitu chako taratibu kwa uzi, kisha pima maji yaliyomwagika. Hawakuwa na silinda ya kupimia kama ya shuleni, kwa hiyo walitumia bomba la dawa ya Kitinda. Binti alivuta maji yaliyomwagika, mililita tano, tano, tano, mama akihesabu kwa vidole.

Kiazi kikatoa moja na kitu. Kipande cha sabuni vilevile. Jiwe la mlangoni, gramu mia moja na thelathini kwa mililita hamsini, likatoa mbili nukta sita. Bolti kubwa ya chuma ikatoa karibu nane.

"Mwalimu anasema hata ule msemo wa damu nzito kuliko maji ni wa kweli," binti alisema akiandika. "Amesema hata vitabu vimekubali."

"Vitabu vimechelewa. Haya, cha tano?"

Binti akatupa macho huku na huku. Kitinda alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, shavu sakafuni, akisukuma gurudumu lake. Lilikuwa kisahani kinene cha madini ya kijivu, na baba yake ndiye aliyemtengenezea kwa kumimina kwenye kikopo kitupu cha dawa ya viatu, akalitoboa tundu katikati kwa msumari. Lilikuwa dogo kama biskuti ila ukilishika mkono unashuka. Tangu meno yanamtoka, Kitinda hakuachana nalo. Aliliburuta kwa kamba mchana na akalala nalo likiwa mdomoni.

Walipomnyang'anya, hakulia kwa sauti. Alifungua mdomo tu, machozi yakatiririka.

Mizani ikasema gramu mia tatu na arobaini. Maji yakajaza bomba mara sita, mililita thelathini. Binti akagawa, akafuta, akagawa tena.

"Kumi na moja nukta tatu. Mama, nimekosea."

"Rudia."

Wakarudia na kujaza glasi upya. Mia tatu na arobaini, mara sita, kumi na moja nukta tatu. Kitu kidogo kuliko kiazi, na kimeshindiliwa kuliko chuma. Binti akaandika jibu kwa penseli, ili akiambiwa amekosea afute. Mama Vipimo akalifuta gurudumu kwa upindo wa kanga yake na kumrudishia mtoto.

Jumatatu alasiri binti hakurudi peke yake. Aliongozana na mwalimu wake wa sayansi, mwanamume mrefu mwenye koti lililopauka mabegani, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta kwa sababu hakuna desimali iliyowahi kumponyoka. Alisimama mlangoni mwa duka akiwa ameshika lile daftari.

"Karibu mwalimu. Kuna kosa amefanya?"

"Hakuna kosa, mama. Amefanya vizuri kuliko darasa zima. Ndiyo maana nimekuja." Akafungua daftari. "Hiki cha tano, ameandika 'gurudumu la mdogo wangu'. Naweza kukiona?"

Mama Vipimo akaingia ndani, akalitoa mdomoni mwa Kitinda, akaja nalo likiwa na mate. Mwalimu hakulipokea mkononi. Alitandaza karatasi juu ya meza, akamwomba aliweke hapo, kisha akalikwaruza kwa ncha ya ufunguo. Mkwaruzo ukang'aa kama fedha mpya.

"Hii ni risasi."

"Sisi hatuna bunduki, mwalimu."

"Si ya bunduki, mama. Ni jina la hayo madini. Yale ya ndani ya betri."

"Ah, hayo ndiyo kazi ya baba yao. Yapo tele huko uani."

Mwalimu akafunga daftari. Alitazama magunia, akatazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi, turubai la maharage juani na moshi mwembamba nyuma yake.

"Mtoto anakitia mdomoni?"

Mama Vipimo alilitazama gurudumu juu ya karatasi. Alikuwa anakumbuka mambo ya miaka miwili iliyopita, mtoto akilia fizi zimevimba, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiliosha gurudumu kwa sabuni na maji ya moto na kumpa alitafune, kwa kuwa lilikuwa la ubaridi na halikuwa gumu sana, na lilimnyamazisha. Alijiona mama mwerevu siku hiyo. Aliwaambia hata wenzake.

"Anakitia," alisema.

"Risasi ni sumu, mama. Haiui kama ya panya. Inaingia kidogokidogo, inakaa kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto inakwenda kichwani. Inaleta maumivu ya tumbo. Inachelewesha kusema."

"Huyu hakuchelewa. Alikuwa anasema."

Mwalimu akainamisha kichwa. Akamwandikia kwenye karatasi jina la kipimo cha damu, akamwambia kitafutwe hospitali kubwa, na kisicheleweshwe.

Fundi Betri aliposikia habari hiyo jioni, alicheka kwanza.

"Ni risasi, ndiyo. Nani hajui? Mimi nimeishika tangu nina miaka kumi na miwili. Ingekuwa sumu ningekuwa udongo sasa hivi."

"Mwalimu anasema kwa mtoto ni mbaya zaidi."

"Mwalimu anakula chaki, nani amemwambia chaki ni sumu? Baba yangu alifanya kazi hii maisha yake yote."

"Alikufa na miaka mingapi?"

Swali lilimtoka bila yeye kulipanga. Fundi Betri akaacha kucheka. Baba yake alikufa na miaka arobaini na sita, mikono imelegea, akizozana na watu wasiokuwepo chumbani, na ukoo mzima ukasema amerogwa. Fundi alisukuma sahani ya chakula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa tangu mwaka uliopita, kiganja kimeshuka, na ukimuuliza alisema ni uchovu.

"Kesho naenda naye hospitali," mkewe alisema.

"Nenda. Wakikuambia ni minyoo, usije ukaniomba radhi."

Kulipokucha, kabla hata chai haijaepuliwa, Kitinda alianguka kati ya kitanda na mlango. Macho yaligeuka juu, mikono ikakakamaa, na povu likamtoka. Degedege lilimshika, likamwachia, likamshika tena. Mama Vipimo alimbeba akiwa miguu mitupu, binti akikimbia nyuma na kiatu kimoja cha mama yake mkononi, na baba akabaki amesimama uani na shoka lake kana kwamba amesahau ni la kazi gani.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimlaza Kitinda, akamtundikia dripu, akasoma ile karatasi ya mwalimu mara mbili, kisha akatoa damu ya wote watatu, mama na watoto wake. Majibu yalikuja kesho yake. Aliwakalisha kwenye benchi la varanda na kueleza polepole. Damu ya binti ilikuwa na risasi isiyotakiwa kuwemo. Ya mama pia. Ya Kitinda mashine ilishindwa kuisoma mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa imepita kipimo.

"Umewahi kupoteza mimba, mama?"

"Mbili."

Daktari akaandika. Mama Vipimo alitazama ile kalamu ikitembea, akahisi kama kuna mtu amefungua kaburi mbele yake bila hodi. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, lakini hawakusema kibaba cha nini.

"Ipo dawa ya kuiondoa," daktari alisema. "Inaagizwa kutoka mbali, itafika baada ya siku nne. Itaitoa kwenye damu. Iliyokwisha kuharibika kichwani, siwezi kukuahidi."

Siku ya tatu alimwacha binti kando ya kitanda, akarudi nyumbani kuchukua nguo na kupika chochote cha kuwapelekea. Njia nzima alikuwa na maneno ya binti masikioni. Walipokuwa wakikesha kwenye benchi, binti alimweleza yale ambayo mwalimu aliyaongeza alipokuwa akimsindikiza siku ile: kwamba mchanga una densiti ya mbili nukta sita, risasi kumi na moja, kwa hiyo vumbi la risasi haliendi mbali. Upepo hulibeba hatua chache tu, likachoka, likatua. Mvua hailisombi kirahisi. Hukaa palepale lilipoanguka, mwaka hata mwaka.

Hatua chache. Mama Vipimo alizihesabu akiwa uani. Kutoka kwenye karai mpaka kwenye turubai zilikuwa kumi.

Akachota maharage kutoka kwenye gunia lililoanikwa wiki iliyopita, akayatia kwenye beseni jeupe, akayamwagia maji na kuyafikicha kama afanyavyo siku zote. Siku zote baada ya hapo humwaga maji yote kwa mkupuo. Safari hii aliyatoa maharage kwa kichujio, maji akayabakisha. Akalishika beseni kwa mikono miwili na kuanza kulizungusha polepole, kama mtu anayepepeta kwa ungo. Kazi hiyo aliijua kuliko kusoma. Katika ungo chepesi huruka na kizito hubaki, wala ungo haujali jina la kitu. Maganda yalielea, akayamwaga. Vumbi la kawaida likafuata maji, akalimwaga. Mchanga ukahama, ukaja ukingoni, akaumwaga nao. Pakabaki mstari wa kijivu chini ya beseni, mwembamba kama uzi, wenye kung'aa kidogo. Aliinamisha beseni kulia na kushoto. Maji yalikwenda na kurudi, ila ule mstari ulibaki umelala palepale.

Alichukua maharage ya gunia jingine, lililofika kutoka kwa wakulima na halijawahi kuguswa na jua la ua huu. Akafanya vilevile, na maji yakaondoka na kila kitu. Beseni likabaki jeupe.

Hakusikia mumewe akiingia. Alimwona tu amechutama upande wa pili, ameingiza kidole kwenye ule mstari, anausugua kwa dole gumba. Hakuna aliyejua mguso ule kuliko yeye. Miaka ishirini na saba alikuwa ameuosha mikononi kila jioni.

"Haya ni ya wapi?"

"Ya gunia la kuuza."

"Umeuza kiasi gani?"

"Nimeuza miaka yote, mume wangu."

Fundi Betri akakaa juu ya ganda la betri lililopinduliwa. Alijaribu kuinua kiganja cha kulia afute uso, kiganja kikakataa kunyanyuka, akatumia kifundo. Mkewe alikuwa na maneno mengi ya kumwambia tangu Jumanne, tena makali, lakini alipomtazama akiwa pale akakosa pa kuyaanzia. Yeye ndiye aliyeanika, na yeye ndiye aliyempa mtoto atafune. Katika mizani hiyo hakujua nani angelala chini zaidi.

"Usiseme kwa watu," Fundi alisema hatimaye. "Watatuchoma."

"Kuna mjukuu wa Bibi wa Kona anayekunywa uji wa mahindi yangu tangu aachishwe ziwa."

"Nasema usiseme."

"Nimekusikia."

Alifunga duka akaanza na Bibi wa Kona. Bibi huyo alikuwa anamlea mjukuu aliyeachwa na mama yake, na alikuwa wa kwanza kumwita Mama Vipimo. Alisikiliza akiwa ameshika fagio.

"Unaniambia nimemlisha sumu mjukuu wangu?"

"Nakuambia mimi ndiye niliyekuuzia. Mpeleke akapimwe damu, bibi. Nimekuandikia jina la kipimo."

"Na siku zote ulikuwa unaniongezea punje za bure."

"Ndiyo, bibi."

Bibi aliichukua karatasi, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Mama Vipimo angependa zaidi kama angeubamiza. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya saba. Mmoja alimkumbatia. Mmoja alidhani ni hila ya kuongeza bei ya magunia mapya. Mmoja, fundi viatu aliyekuwa na watoto wanne, alimtemea mate kwenye ncha ya kanga na akarudi kushona. Kufikia jioni habari ilikuwa imemtangulia, na nyumba za mwisho alikuta watu wamesimama nje wakimsubiri, kimya.

Watoto kumi na wanane wa mtaa ule walipimwa. Watano walilazwa. Mjukuu wa Bibi wa Kona alikuwa miongoni mwao, na aliwahiwa. Mtoto wa mwisho wa fundi viatu hakuwahiwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na nyumba yao ilipakana na ule ua, ukuta kwa ukuta. Siku ya mazishi Mama Vipimo alisimama mbali, kwenye kona ya barabara, akasindikiza kwa macho. Hakuthubutu kusogea na hakuweza kuondoka.

Maafisa wa afya walikuja na barakoa, wakauzungushia ua utepe, wakachimba udongo mpaka kimo cha goti na kuubeba kwenye mapipa. Magunia nayo yalibebwa, yaliyoanikwa na yasiyoanikwa. Fundi Betri alihojiwa siku mbili, akajibu kila alichoulizwa, akaachiwa asubiri wito. Hakurudi nyumbani. Alikwenda kuishi kwa kaka yake upande wa pili wa mji, akapata kibarua cha kulinda geti, kazi ambayo haihitaji kiganja cha kulia. Hakufukuzwa na mtu. Alisema tu kwamba nguo zake zote zina vumbi, na kichwa chake pia.

Dawa ilifika siku ya tano badala ya nne. Kitinda alichomwa sindano zaidi ya ishirini, akapumzishwa, akachomwa tena. Alitoka hospitali baada ya wiki saba akiwa hai. Aliweza kutembea, kula kwa mkono wake, na kumjua mama yake kati ya wanawake wengi. Maneno hayakurudi, wala hakumjali tena paka. Daktari alimwambia Mama Vipimo amlete kila mwezi, asichoke kumsemesha, na asihesabu siku.

Walihamia chumba kimoja mtaa mwingine, ambako alipata kazi ya kupepeta na kuchagua nafaka kwenye ghala la mtu. Huko hakuna aliyemwita Mama Vipimo.

Binti alirudi shule akiwa amechukia sayansi. Siku moja alikuja na barua ya mwalimu ikiuliza kwa nini haleti tena kazi zake.

"Kama tungepewa zoezi lile muhula wa kwanza," alisema, uso ukiwa umetazama ukuta, "Kitinda angekuwa anaongea. Na mtoto wa fundi viatu angekuwepo."

"Na kama lisingetolewa kabisa?"

Binti akaikunja barua.

"Ningejua huja nyuma, mwanangu. Mimi nilikuwa na mizani mezani miaka kumi na moja, na lile gurudumu nilikuwa nalinyanyua kila siku kulifuta. Mkono wangu uliniambia ni zito kuliko inavyopasa. Uliniambia kila siku. Sikuuliza. Wewe uliuliza." Akamsogezea daftari. "Sikwambii uipende. Nakwambia uimalize."

Binti akalivuta daftari. Aliandika muda mrefu, bila kuinua kichwa, na mama yake hakumsumbua.

Jumapili moja moja Fundi Betri huja kuwaona. Mama Vipimo humsikia kabla hajabisha, kwa sababu husimama kwanza kwenye bomba la nje. Huvua shati alilokuja nalo, hulifunga ndani ya mfuko wa plastiki, hunawa mikono hadi kwenye viwiko, halafu huanza upya, halafu tena, ingawa ni miezi mingi sasa hajagusa betri. Jumapili iliyopita Kitinda alimwona kupitia mlangoni. Akatoka taratibu, akikokota mguu mmoja kidogo kama afanyavyo siku hizi, akaja akasimama mbele ya baba yake na kuinua mikono yote miwili abebwe.

Fundi Betri akarudi nyuma hatua moja, povu la sabuni likimdondoka.

"Ngoja, baba. Ngoja kwanza, bado sijatakata."

Mtoto hakuelewa, au alielewa. Alibaki amesimama na mikono juu, na baba yake akarudi kwenye bomba akaendelea kunawa.